Hapa Hatuchekangi

Probox ilisimama kando ya barabara bila dereva kumwambia mtu anasimama kwa nini. Akashuka, akaokota jiwe dogo, akatembea hadi kwenye nguzo ya kwanza, akaliweka juu yake, akarudi kushika usukani. Hakuomba dua, wala hakutazama juu. Injini ilikuwa bado inanguruma.

Kiti cha nyuma tulikuwa wanne, na mtoto mmoja asiyehesabiwa. Kijana aliyebanwa kando yangu, mgeni Turkana kama mimi, akacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau. Alicheka kwa vile hakujua la kufanya na uso wake. Mama mmoja aliyejaa shanga kuanzia mabegani hadi kidevuni, ambaye hakuwa amesema neno tangu tutoke Lodwar, akamgeukia.

"Hapa hatuchekangi."

Basi. Akarudi kimya. Kijana akakimeza kicheko chake, na dereva akaniangalia kwenye kioo: "Na wewe madam, hushuki?"

Nikashuka.

Nguzo za Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, hazitishi kwa ukubwa. Ni mawe meusi ya volkano, marefu kuliko mapana, yenye pande zilizonyooka ambazo hakuna nyundo iliyozichonga. Lava ikipoa polepole hupasuka yenyewe kwa umbo hilo. Nyingine zimesimama wima, nyingine zimelala mbavuni kama watu waliochoka kungoja. Na karibu kila moja ina vijiwe juu yake, vimepangwa na mikono ya watu wengi waliopita kabla yangu.

Tuliendelea na safari. Kalokol nikala samaki, nikaliona ziwa, nikafanya yote ambayo mgeni hufanya. Lakini majuma yamepita sasa, na ninapopiga pasi au ninapongoja foleni benki, sauti ya yule mama hunirudia. Sijui kwa nini aliona haja ya kusema. Nguzo si zake. Hilo nitalieleza.

Wachezaji

Kisa nilisimuliwa na dereva, na ni kifupi kuliko nilivyotarajia. Zamani watu walikuwa wakicheza hapa, edonga, ile ngoma ya kuruka. Akaja mtu asiyejulikana, aliyevaa ajabu. Wengine husema alikuwa pepo katika umbo la binadamu. Wachezaji wakamcheka. Akawageuza mawe pale pale walipokuwa. Namoratunga: watu wa mawe.

"Alikuwa anataka nini?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyo mgeni."

Dereva alifikiri kidogo. "Alikuwa anapita tu."

Jibu hilo nimeligeuza sana kichwani. Visa nilivyokulia navyo Malindi, jini akija huwa ana haja: anataka damu, anataka mke, anataka mti wake usikatwe. Huyu hakutaka kitu. Na adhabu haikumpata yeye mvamizi, iliwapata wenyeji. Wala hawakumnyima maji. Hawakumpiga. Walimcheka.

Katika nchi ambayo mtu hutembea mchana kutwa bila kuona kivuli ila cha mgunga au cha mathenge, mgeni anayetokea upande wa jua si jambo dogo. Huenda amebeba habari za mvua. Huenda amebeba habari za wezi wa mifugo. Huenda ni yeye mwenyewe mwizi. Kumtazama vizuri ni kazi, na anayecheka hatazami. Hivyo ndivyo ninavyokisoma kisa hicho, ingawa sina hakika dereva angekubaliana nami.

Jambo moja nina hakika nalo. Aliyekitunga aliziangalia nguzo kwa makini. Zimesimama pamoja, karibu karibu, kwa vimo tofauti, na zile zilizoinama zimeinama kila moja upande wake. Ukizitazama jioni utaona watu walioshikwa katikati ya mruko. Wataalamu walipokuja baadaye na vipimo vyao, na wao waliona kundi. Walitofautiana tu juu ya kundi la nini.

Waliokuja na dira

Niliporudi nyumbani rafiki yangu mmoja, mpenzi mkubwa wa historia, alinitumia ujumbe mrefu wenye alama nyingi za mshangao. Waafrika walisoma nyota! Miaka 300 kabla ya Kristo! Kalokol!

Ana chanzo. Mwaka 1978 wanaakiolojia wawili, Lynch na Robbins, walichapisha hoja katika jarida la Science kwamba nguzo 19 za Kalokol zilipangwa zielekee mahali zinapochomoza nyota saba au makundi ya nyota ambayo Waborana, wafugaji wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, hutumia katika kalenda yao. Kilimia imo. Orion imo. Sirius imo. Tarehe waliyoipa ni takriban mwaka 300 KK.

Kalenda yenyewe ni ya kweli na ni ya ajabu. Asmarom Legesse, mwanazuoni wa Eritrea, ndiye aliyeieleza kwa wasomaji wa nje: miezi kumi na miwili ya mwandamo, siku zenye majina 27 yanayojirudia, hakuna wiki, na wajuzi wanaotazama mwezi umekaa wapi kando ya nyota gani. Sisi wa pwani hatuna haki ya kushangaa. Wazee wetu walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na wakalima kwa kufuata hivyo.

Nilitaka hoja hiyo iwe kweli. Niseme wazi, niliitaka sana. Ina ladha tamu, ile ladha ya kumwonyesha mtu wa mbali kwamba na sisi tulikuwepo.

Kisha nikasoma kilichofuata. Mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper alihoji vipimo. Dira haielekei kaskazini halisi, huelekea kaskazini ya sumaku, na mawe ya volkano yenyewe huweza kuivuta sindano. Ukikosea nyuzi chache tu, nyota yako inakuwa nyota nyingine. Tena mbingu imejaa nyota na uwanja umejaa mawe. Ukiunganisha jiwe na jiwe kwa mistari ya kutosha, lazima mmoja utapata kitu cha kuelekea.

Lakini kilichoivunja kabisa kwangu ni umri. Elisabeth Hildebrand na wenzake walipochimba upya maeneo ya nguzo kuzunguka Ziwa Turkana, tarehe zilirudi nyuma hadi kiasi cha miaka 5,000 iliyopita. Mhimili wa dunia huyumba polepole, na nyota hazichomozi leo pale zilipochomoza wakati huo. Mpangilio unaolingana na anga ya mwaka 300 KK haulingani na anga ya miaka zaidi ya elfu mbili kabla yake. Ukizipa nguzo umri wao, nyota zinaondoka.

Rafiki yangu hakufurahi. "Kwa hiyo hawakujua nyota?"

Walizijua, bila shaka. Mfugaji anayehama usiku asiyejua nyota ni nani? Ila hawakuhitaji kusimamisha mawe ili sisi tuamini.

Walichokifunika

Kalokol pamechimbwa kidogo tu. Mahali palipochimbwa kwa kina ni Lothagam, kusini zaidi, upande wa Mto Kerio, na taarifa kuu ilitoka mwaka 2018. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma kitu chochote kisicho na hadithi ndani yake.

Watu hao walianza kwa kuondoa mchanga wa ufukwe wa kale hadi wakafika kwenye mwamba. Hapo wakafanya shimo la maziko. Wakazika. Wakaendelea kuzika kwa karne kadhaa, mahali pamoja, hadi watu wanaokadiriwa kuwa si chini ya 580. Shimo lilipojaa wakalifunika kwa mawe, wakakamilisha jukwaa lenye upana wa mita 30 hivi, na juu yake wakasimamisha nguzo, baadhi zikiwa zimebebwa kutoka umbali wa kama kilomita moja. Hawakuwa na gari la kukokotwa. Walikuwa na mikono na pengine kamba.

Walikuwa wafugaji wa kwanza wa nchi ile, na walikuja katika wakati mbaya. Mvua nyingi za zama zilizopita zilikuwa zinakoma, ziwa linarudi nyuma, ufukwe unageuka vumbi. Leo ziwa hilohilo limepanda na kuwahamisha watu wa ufukweni, jambo ambalo wenyeji wa Kalokol hawahitaji kuambiwa na mimi. Wakati ule lilikuwa linakimbia. Na watu ambao ardhi inawakimbia hivyo, badala ya kutawanyika tu kila mtu na mbuzi wake, walichagua kurudi mahali pamoja na maiti wao.

Kuna jambo lililonifanya niiweke simu chini.

Kwa kawaida kaburi kubwa ni kaburi la mkubwa. Piramidi ina farao wake. Kwetu pwani nguzo ya kaburi ilipojengwa kwa matumbawe na kupachikwa sahani za Kichina, haikujengwa kwa mvuvi. Lothagam hapana. Wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga, wote wamo, hakuna aliyetengewa pembe yake ya heshima. Na karibu kila mmoja alizikwa na mapambo: shanga za mawe ya rangi, shanga za ganda la yai la mbuni, vitu vya meno ya kiboko. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno ya panya wa jangwani wasiopungua 113.

Panya 113. Nani alikaa akawakamata wote hao? Mtu alimpenda mtu.

Wataalamu wanaliona jambo hili kuwa kubwa kwa sababu tulifundishwa kwamba mnara mkubwa unahitaji mfalme, kodi na mijeledi. Hapa mnara upo, mfalme hayupo. Nikakumbuka wachezaji wa kisa. Edonga haina kiti cha enzi. Kila mtu huruka kwa zamu yake ndani ya duara lilelile. Nilishtuka kidogo jinsi kisa kilivyokaribia, nikaanza kujenga hoja nzito: basi wenyeji walikumbuka! Miaka elfu tano watu walikumbuka kwamba hapa wamelala watu wa kawaida, kundi zima, pamoja!

Nilikaa na hoja hiyo siku kadhaa, nikiipiga picha kila upande.

Haisimami.

Nayece

Haisimami kwa sababu Waturkana wenyewe wanajua walikotoka, na hawasemi walitoka chini ya nguzo.

Wanasema walitoka upande wa Karamoja, Uganda, kwa Wajie, wafugaji wa huko. Fahali alipotea, vijana wakafuata nyayo zake kuelekea mashariki, wakafika bonde la Tarach, wakamkuta mwanamke mzee, Nayece, akichuma matunda ya porini, na fahali yuko naye. Nchi ilikuwa nzuri. Wakarudi kuwaita wenzao. Wanahistoria huweka uhamiaji huo katika karne chache zilizopita, kwa hiyo kati yao na waliosimamisha nguzo kuna pengo la zaidi ya miaka elfu nne, na watu wengine chungu nzima waliopita katikati. Nayece ana kaburi lake, kwenye kilima kinachoitwa kwa jina lake, Moru Anayece. Hilo ndilo kaburi la mama yao.

Nguzo za Kalokol walizikuta.

Hapo nilikwama kwa muda. Kama kisa si kumbukumbu, basi ni nini? Mtu mmoja niliyemweleza alijibu haraka: ni dhana tu, watu waliona mawe wasiyoyaelewa wakajitungia. Jibu hilo liliniudhi kuliko lilivyostahili, na ilinichukua muda kujua kwa nini.

Liliniudhi kwa sababu linachukulia kwamba mrithi peke yake ndiye mwenye uhusiano na kaburi. Kwamba kama damu haikuunganishi na aliyelala hapo, lolote unalosema ni upuuzi, na lolote unalofanya ni mchezo. Sasa fikiria walichokifanya hawa wasio warithi. Walifika kwenye nchi kavu wakakuta mawe ya watu wengine. Wangeweza kuyang'oa wajengee maboma. Wangeweza kudai ni ya babu zao, dai ambalo lingewafaa sana siku za magomvi ya malisho. Badala yake wakasema: hawa walikuwa watu. Si wetu. Walikuwa watu, walikuwa wanacheza, na hapa hakuchekwi.

Kisha wakaongeza vijiwe.

Mimi naona huo ni uangalizi, tena mkali kuliko kibao cha serikali. Kibao hukataza kugusa. Kisa hiki kinakataza kucheka, yaani kinakwenda hadi ndani ya mdomo wa mpita njia aliyebanwa kiti cha nyuma. Hata neno "watu" lilikuwemo ndani yake muda wote, wakati wasomi wakibishania nyota, kabla mtu yeyote hajachimba Lothagam na kuhesabu mifupa.

Kwetu pia

Nilisema nitalieleza la nguzo kuwa za watu wengine, na labda nimelishikilia hivi kwa sababu ni la kwetu vilevile.

Pale Gedi, mji wa kale karibu na Malindi, kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mji ulihamwa, msitu ukaumeza, na kwa muda mrefu walioujua vizuri walikuwa majirani wa Kigiriama, ambao walisema una wenyewe, kwamba pepo wa wazee wa mji bado wanaulinda, na anayeharibu atakiona. Tukiwa watoto tuliambiwa hayo ni mambo ya kutishia watoto. Wageni wakayaandika kama vivutio. Kisha sisi wa mjini tukaja na mabishano yetu yasiyokwisha ya nani hasa aliujenga na nani hasa ni mjukuu.

Sijawahi kumsikia mtu akiwashukuru wale majirani. Kuta zile zilibaki porini karne kadhaa, karibu na watu waliohitaji mawe ya kujengea kama watu wengine wote. Sisemi ni hofu ya pepo peke yake iliyozilinda. Lakini ilikuwa kazini, usiku na mchana, bila mshahara.

Kuhusu vijiwe

Niliweka jiwe langu. Dereva alikuwa anangoja na sikutaka kufikiri sana.

Baadaye nilifikiri. Mwanaakiolojia angeweza kuninyooshea kidole: kila jiwe linalookotwa hapo limetoka mahali, na katika eneo ambalo hata mpangilio wa changarawe chini ni ushahidi, mikono elfu ya watu wenye heshima huharibu kama mikono elfu ya wahuni. Hoja hiyo ni ya kweli. Sina jibu lake zuri. Ninachoweza kusema ni kwamba nguzo bila vijiwe ingekuwa safi zaidi kwenye picha na upweke zaidi pale ilipo, na kwamba kama ningelazimishwa kuchagua kati ya mahali palipopimwa sawasawa na mahali ambapo dereva wa Probox husimamisha gari na abiria wote ndani, ningechagua la pili na kulala vizuri. Wengine watachagua la kwanza. Afadhali wawepo, maana bila wao nisingejua habari za panya 113.

Ila wakija tena kuchimba, wasimpite yule mama. Simfahamu jina. Alishukia kabla ya mjini, kwenye mikoma, akalipa nauli yake na kwenda zake na furushi kichwani. Ningependa mtu amuulize alifundishwa na nani kutocheka, na kama kuna sehemu ya kisa ambayo dereva aliiacha.

Na kuna kingine ambacho bado kinaniwasha. Lokori, kusini kwa Kalokol, kuna makaburi mengine yanayoitwa vilevile Namoratunga. Hayo yamezungushiwa mawe bapa yaliyosimamishwa, na juu ya mawe hayo zimechongwa alama zinazofanana na chapa za mifugo. Chapa huwa na mwenyewe. Mfugaji akiiona ubavuni mwa ng'ombe hujua ni wa nani. Kwa hiyo swali langu ni kwa wasomaji wa Lokori na walioolewa huko. Babu zenu walipoziona zile alama kwenye makaburi yasiyo yao, walisema ni chapa ya nani?